Misimbo ya magari isomwe, isipigiwe ramli

Miongoni mwa mambo yanayowatoa jasho wenye magari nchini siku hizi, ni machache yanayoizidi ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini ambayo huwaka kwenye dashibodi bila hodi. Gari linanguruma kama kawaida na kupanda mlima kama lilivyopanda jana, ila taa imekataa kuzimika. Mwenye gari anaingiwa na wasiwasi, anakwenda gereji, fundi anachomeka kimashine chini ya usukani, anakitazama kwa sekunde chache, kisha anatamka maneno ambayo sasa yamekuwa kama kibwagizo: "Sensa imekufa." Spea inanunuliwa, taa inazimwa, pesa zinalipwa. Juma moja au mawili yakipita, taa inawaka tena.

Mimi si makanika. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, na huenda msomaji akauliza ni nani aliyenituma kwenye mambo ya grisi na spana. Jibu langu ni kwamba kosa linalotendeka baina ya kile kimashine na ile kauli ya fundi ni kosa la kusoma. Gari limesema jambo moja, limetafsiriwa jambo jingine, na tafsiri hiyo mbovu ndiyo inayolipiwa na mwenye gari.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu istilahi. Mafundi wetu huita "sensa" kila kifaa kinachopima joto, hewa au mwendo na kuipasha kompyuta ya gari habari. Sina ugomvi nao, ila neno hilo lilikwisha kuajiriwa na serikali zamani kwa kazi ya kuhesabu watu. Nitatumia "kihisi", neno lililotokana na kitenzi tunachokijua sote, na zile alama za herufi na tarakimu zinazotokea kwenye kimashine nitaziita "misimbo".

Misimbo hii haikubuniwa kwa nia ya kumfaa mwenye gari, wala kumfaa fundi. Ilizaliwa katika jimbo la California, Marekani, ambako moshi wa magari ulikuwa umeifanya hewa ya Los Angeles kuwa ya kuwasha macho. Wakuu wa jimbo hilo waliagiza kwamba magari ya kuanzia mwaka 1988 yawe na kompyuta inayojichunguza na kuwasha taa pindi vyombo vya kudhibiti moshi vinapokwenda kombo. Mwanzoni kila kampuni ilijitungia lugha yake. Magari ya Toyota ya enzi hizo yalizungumza kwa kupepesa taa: fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, akakaa kitako na kuhesabu. Mipepeso miwili, kituo, kisha mipepeso miwili mingine ilikuwa 22, yaani kuna kasoro kwenye njia ya kihisi cha joto la maji. Ilipofika mwaka 1996, magari yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na soketi moja ya pini 16 na kusema lugha moja. Ulaya ikafuata, mwaka 2001 kwa magari ya petroli na 2004 kwa yale ya dizeli. Wajapani walikwenda kwa mwendo wao, na ndiyo sababu baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la kwao, ambayo ndiyo tuliyoyapokea kwa wingi pale bandarini Mombasa, yana soketi ya umbo lile lile lakini hunyamaza yanapoulizwa swali na kimashine cha bei nafuu.

Ukiichunguza lugha hii kwa jicho la mwanaisimu, utakuta ina mofolojia iliyo safi kuliko lugha nyingi za wanadamu. Herufi ya kwanza hufanya kazi kama kiambishi cha ngeli. P ni injini na giaboksi. C ni chasisi, yaani breki, usukani na jamaa zake. B ni bodi, ambamo mna mifuko ya hewa inayomkinga abiria. U ni mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe, maana gari la leo halina kompyuta moja. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo ni wa wote. Ikiwa 1, ni lahaja ya kampuni na yafaa usomwe kwa kitabu cha kampuni hiyo. Ya tatu hutaja mtaa: 1 na 2 ni hewa na petroli, 3 ni uwashaji wa plagi, 4 ni usafishaji wa moshi, 7 ni giaboksi. Mtu yeyote aliyewahi kupambana na ngeli za Kiswahili darasani anaweza kuyashika haya kwa saa moja.

Uzuri wake huonekana katika kundi la P0300. P0302 maana yake ni kwamba silinda ya pili inaruka, haichomi petroli yake sawasawa. Fundi mwelewa hakimbilii dukani. Huchomoa koili ya silinda ya pili akaibadilisha na ya silinda ya tatu, akafuta msimbo, akaliendesha gari. Ukirudi msimbo P0303, koili ndiyo mbovu, kwani imehama na ugonjwa wake. Ukirudi P0302 kama mwanzo, koili haina hatia, na sasa ni zamu ya plagi, au nozeli ya petroli, au silinda yenyewe. Wanafunzi wangu wa fonolojia hufanya jaribio hilo hilo kwa jozi kama "pata" na "bata": badilisha kipande kimoja tu, viache vingine vyote vilivyo, kisha tazama maana imehamia wapi. Jaribio hilo ni la bure, na hufanyika kwa muda usiozidi nusu saa.

Sarufi, basi, haina tatizo. Tatizo limo katika semantiki, na hapo ndipo pesa zetu zinapozama.

Chukua msimbo P0118. Maelezo yake rasmi, yakigeuzwa neno kwa neno, yanasema kwamba njia ya umeme ya kihisi cha joto la maji ya injini ina kiwango cha juu. Fundi anayesoma Kiingereza kwa kudonoa huona "joto", akaona "maji", akaona "juu", na papo hapo humwarifu mwenye gari kwamba injini yake inachemka. Thamostati inang'olewa, radieta inazibuliwa, pampu ya maji inatiliwa shaka. Kumbe kilicho juu ni volti. Kihisi hicho kimeundwa kwa namna ambayo ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Kwa hivyo volti inazozisoma kompyuta hushuka injini inapopata joto, na hupanda inapopoa. Waya ukikatika, au plagi ya kihisi ikichomoka, volti hupanda hadi kilele, karibu 5, na kompyuta husoma kwamba maji yamefikia baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, baridi ambayo Limuru haijaijua hata mwezi wa Julai. Kwa kuwa haiwezi tena kukiamini kihisi, kompyuta ya magari mengi hujikisia joto fulani na kuiamuru feni ya radieta izunguke muda wote kwa tahadhari. Nayo feni hiyo isiyokoma humthibitishia fundi wetu kwamba kweli injini inachemka! Neno "juu" halijitoshelezi katika lugha yoyote. Lazima uulize: juu ya nini?

Msimbo mwingine unaowatesa wengi ni P0171. Kiingereza husema kwamba mfumo "umekonda", yaani hewa imezidi petroli. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli ili ichome sawasawa. Katika bomba la moshi mna kihisi cha oksijeni kinachoonja masalio na kuiarifu kompyuta. Ikiambiwa kuwa oksijeni imebaki nyingi, kompyuta huongeza petroli kidogo, halafu kidogo tena, na nyongeza hiyo inapopita kiwango, aghalabu kati ya asilimia 20 na 25, hukata tamaa na kuwasha taa. Hapo huenda kukawa na mpira wa hewa uliopasuka, au pampu ya petroli iliyochoka, au kichujio kilichoziba, au kihisi cha kupima hewa kilichoshika vumbi. Kihisi cha oksijeni kimefanya kazi yake kwa uaminifu. Ndicho kilicholeta habari. Lakini ndicho kinachong'olewa na kutupwa. Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Katika gereji zetu mjumbe huuawa kila siku, na mwenye gari hutozwa gharama za mazishi.

Mwenzangu mmoja anayefundisha fasihi aliuziwa vihisi viwili vya oksijeni katika muda wa miezi mitatu kwa sababu ya msimbo huu. Kila mara taa ilizimika, kila mara ikarudi. Aliyemtibia gari lake hatimaye alikuwa kijana mwanagenzi ambaye hata kimashine hakuwa nacho. Aliinamisha kichwa juu ya injini iliyokuwa ikiunguruma, akasikiliza, akasema: "Mwalimu, hapa pana kitu kinavuta hewa." Mpira unaotoka kwenye kichujio cha hewa ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha. Mwenzangu alinunua mpira uliotumika kwa bei ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya vihisi viwili.

Msimbo P0135 nao hautaji kifo cha kihisi. Unataja njia ya umeme ya kukipashia kihisi joto, na njia hiyo ina fyuzi, ina waya, ina plagi. Fyuzi hupatikana kwa makumi ya shilingi.

Lakini msimbo unaonikera kuliko yote ni P0420, kwa kuwa madhara yake hayaishii mfukoni mwa mwenye gari. Unasema kwamba chombo cha kusafishia moshi hakifanyi kazi ipasavyo. Chombo hicho hukaa katikati ya vihisi viwili vya oksijeni. Cha mbele huyumba daima, volti zake zikipanda na kushuka baina ya 0.1 na 0.9, cha nyuma, ikiwa chombo ni kizima, hutulia. Cha nyuma kikianza kuyumba kama cha mbele, kompyuta hujua kwamba moshi unapita bila kusafishwa. Hutokea kwamba ni bomba limetoboka, au injini inakula oili, au silinda iliyokuwa ikiruka imekiunguza chombo. Badala ya kutafuta chanzo, wapo mafundi wanaokibadilisha kihisi cha nyuma. Wapo pia wanaokikata chombo chenyewe na kuchomelea bomba tupu, kisha wakakihadaa kihisi ili taa isiwake. Chombo kilichokatwa hakitupwi, kwani ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo yana wanunuzi. Nchi yetu, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Kabla ya hapo chombo hiki hakingedumu, kwani risasi ilikipaka na kukiua. Tuliiondoa sumu hiyo ili chombo kipate kuishi. Sasa tunakiuza kwa kilo, na watoto wanaosubiri matatu kando ya barabara ndio wanaovuta moshi wake.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Dereva aliyedanganywa mara tatu na taa huacha kuiamini. Nimeona dashibodi zilizobandikwa karatasi juu ya taa kama jeraha lililofungwa bendeji. Ilhali taa zina ngazi zake, na rangi si mapambo. Nyekundu ya shinikizo la oili au ya joto la maji inakutaka usimame mahali salama na kuzima injini sasa hivi, maana dakika chache zatosha kuiua. Ya manjano iliyotulia hukuruhusu ufike gereji. Ya manjano inayopepesa ni jambo jingine kabisa: injini inaruka kwa kiasi cha kukiunguza kile chombo cha moshi, na inakupasa upunguze mwendo na kusimama mapema uwezavyo. Dereva aliyekwisha kubandika karatasi hataiona.

Wauzaji wa magari yaliyotumika nao wameijua lugha hii, japo kwa nia nyingine. Mwenye kununua gari na ageuze swichi bila kuwasha injini, atazame. Taa ya injini, ya oili, ya breki na ya mifuko ya hewa zapaswa kuwaka zote, kisha zizimike kwa zamu yake. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka, kwani huenda balbu imeng'olewa au waya umekatwa. Na endapo muuzaji amefuta misimbo asubuhi ile, kompyuta humtoboa. Ina orodha ya majaribio yake yenyewe, na baada ya kufutwa huyaonyesha kuwa hayajakamilika hadi gari liendeshwe vya kutosha. Kimashine cha kawaida huionyesha orodha hiyo.

Jambo hilo la kufuta lina uzito hata gereji. Kwa makosa mengi kompyuta haiwashi taa hadi ilione kosa katika safari mbili zinazofuatana. Tena hunakili hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji. Huo ni ushahidi wa shahidi aliyekuwapo. Fundi anayefuta msimbo kabla ya kuandika chochote huutia moto ushahidi huo, na taa inayozimika mbele ya macho ya mteja huchukuliwa kuwa ndiyo matibabu.

Nisieleweke kwamba nawadharau mafundi wetu. Wengi wao wa Kirinyaga Road na wa Changamwe wamejifunza kwa mikono, kando ya mafundi waliowatangulia, na masikio yao husikia mambo ambayo wahandisi wenye shahada hawayasikii. Ujuzi wao walifunzwa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Kisha ghafla gari limeanza kutoa taarifa zake kwa Kiingereza cha kimkato, maneno manne au matano yasiyo na kitenzi, ambayo hata mzawa wa Uingereza asiye fundi hayaelewi. Tumempa fundi kimashine, hatukumpa kamusi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sioni kwa nini urasmi huo ukome mlangoni pa gereji.

Najua nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Dai hilo lilikuwa limechakaa tangu mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Volti tunazo, ukinzani tunao, oksijeni tunayo. Wengine watasema simu ya mkononi itatafsiri. Nimezijaribu tafsiri hizo, na hiyo "juu" ya P0118 hubaki ikining'inia vile vile, kwa sababu kosa limo katika ufupisho wa maelezo ya asili. Anahitajika mtu anayejua gari na mtu anayejua lugha waketi meza moja.

Kwa hivyo napendekeza kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayosimamia mitihani ya ufundi, ishirikiane na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu kutayarisha jedwali la misimbo ya kawaida. Misimbo rasmi ni maelfu, lakini mia moja ya kwanza ingetosha kwa kazi za kila siku za gereji. Kila msimbo ueleze ni kitu gani kompyuta imekiona, kisha vitu vya kukaguliwa, vya bei rahisi vikitangulia. Mitihani ya ufundi nayo imuulize mtahiniwa maana ya P0171 kwa Kiswahili, aieleze kwa mdomo mbele ya injini. Wakati tukisubiri hayo, mwenye gari anaweza kudai jambo moja leo hii: msimbo wenyewe uandikwe kwenye risiti, herufi na tarakimu zake zote, kabla haujafutwa, na chini yake fundi aandike ni kipimo gani alichofanya kabla ya kuagiza spea. Fundi hodari hatachukizwa na ombi hilo.

Kuhusu P0118, mimi ningeanza na maneno haya, na wajuzi wanirekebishe: "Volti za njia ya kihisi cha joto la maji zimezidi kipimo. Kagua plagi na waya kwanza, kisha upime kihisi. Msimbo huu hausemi kwamba injini imechemka." Yanaenea kwenye kipande cha ubao, na ukutani mwa gereji nafasi haikosekani, hata ikibidi kalenda ya mwaka jana iondolewe.